Majani ya Juu, Majani ya Chini

Kazi yangu kwa Bi Zuhura ilianza Jumamosi ya pili ya Septemba, saa tisa na dakika tano alasiri. Ilitakiwa ianze saa tatu asubuhi. Bi Zuhura alimwambia Mama kwenye simu, "Mtoto aje saa tatu," Mama akaniambia, "Uende saa tatu," na mimi, mzaliwa wa Brooklyn Center, huku ughaibuni, nikakaa jikoni kutwa nzima nikingoja mshale mfupi wa saa ufike kwenye tatu. Ulipofika nikatoka mbio. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara yetu, kwa hiyo nilifika saa tisa kamili. Zile dakika tano nilizimalizia mlangoni, nikitafuta ujasiri wa kubonyeza kengele.

Jana nilistaafu. Nina miaka kumi na sita. Mama amepata nyumba Coon Rapids, karibu na hospitali anakofanya kazi, na huku hakuna basi la kunirudisha huko kila Jumamosi. Kwa hiyo naandika haya kwa ajili yako, Riziki, uliyeshika reki baada yangu ukiwa na miaka kumi na miwili, na kwa yeyote atakayeishika baada yako. Vyeo sitavitaja: nilianza msaidizi wa bustani, nikamaliza msaidizi wa bustani. Malipo pia nayaruka. Nataka kukwambia mambo ambayo mimi sikuambiwa, hasa habari za neno moja dogo lililokaribia kumuua Mheshimiwa.

Usiogope, hakufa. Natanguliza hilo kwa sababu mimi mwenyewe siwezi kusoma kitu chochote kama sijui mnyama atapona.

Basi. Mlango ulifunguka, akatokea mwanamke mfupi mwenye ushungi wa kijani na glovu za mpira, akanitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Hi," nikasema.

Akanyamaza. Akaendelea kunyamaza. Sisi ni Wakisii, na Mama anaweza kumsalimia mtu kwa Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza ndani ya pumzi moja, lakini ile salamu ya heshima ya Watanzania hatukuizoea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba huyu mama wa Tanga alikuwa anangoja kitu.

"Shikamoo," nikanong'ona, kama mtu anayejaribu neno la siri la kompyuta ambalo si lake.

"Marahaba, mwanangu! Umechelewa saa sita. Ingia."

Sheria ya kwanza nilipewa kabla sijavua koti: bustanini hakuna Kiingereza. "Maua yangu yana mzio nacho," alisema. Kwa mtoto aliyekuwa anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa ninyamaze, nami nikafurahi sana, maana kunyamaza ndiyo fani yangu. Shuleni kulikuwa na mwalimu aliyenifundisha muhula mzima akidhani mimi ni mgeni nisiyejua lugha yoyote.

Lakini Bi Zuhura alikuja nchi hii kusoma, akabaki, akafanya kazi maabara ya hospitali miaka mingi akitazama vijidudu, na mtu wa namna hiyo humdanganyi kwa kunyamaza. Alinipa daftari. Kila siku ya kazi, kabla sijaenda nyumbani, lazima niandike mistari mitatu kwa Kiswahili. Siku ya kwanza niliandika: "Leo nimefika. Nimeona maua. Nimeona mdudu." Akachukua kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Maua gani? Mdudu gani?" Swali hilo aliliandika kila Jumamosi. Gani, gani, gani. Ukurasa wangu ulikuwa kama umepata surua.

Vifaa vya kazi unavijua, ila majina yake huenda hujaambiwa. Ile reki ya mianzi iliyong'oka meno inaitwa Kibogoyo. Usiidharau. Reki mpya ya chuma inakwaruza udongo na kung'oa vitunguu vya maua. Kibogoyo inapapasa tu. Toroli linalia upande wa kushoto, na ukilitia mafuta linalia kulia. Mkasi mkubwa hufutwa kila baada ya mmea mmoja, kama wa daktari. Na ile lenzi ndogo yenye kamba, ya kuvaa shingoni, ilistaafu naye kutoka maabara. Ukiivaa usikimbie. Meno yangu mawili ya mbele yanaijua sababu.

Nami nilidhani maua huisha mwezi wa nane! Ndivyo nilivyokuwa nadhani, Riziki, miaka kumi na mitatu ya maisha yangu. Nikaingia nyuma ya ile nyumba na kukuta asta za zambarau zimenifika mabegani, na yale maua ya njano marefu yanayoinama kama yanasalimia wakwe, na alizeti zilizokauka vichwa, na kila kichwa kina ndege mdogo amening'inia miguu juu akila mbegu. Vipepeo wa rangi ya chungwa, wale wanaohamia Mexico, walikuwa wamejaa kwenye asta wakinywa asali ya njiani. Nyuma ya yote hayo mti wa mepo, ule wenye majani ya vidole vitano, ulikuwa umeanza kuwa mwekundu upande mmoja tu, kama mtu aliyechomwa na jua akiendesha gari. Nilisimama pale mdomo wazi. Nusura nyuki aingie.

Kwenye tawi la chini la mepo ndipo nilipotambulishwa kwa Mheshimiwa.

Alikuwa kiwavi wa kijani, mnene kama kidole gumba cha mwanaume, mwenye vidoa vyekundu vinavyong'aa. Bi Zuhura alikuwa anamfuatilia tangu mwezi wa saba, akiwa kama uzi.

"Kwa nini anaitwa Mheshimiwa, Bibi?"

"Anakula kutwa, hasemi lolote, na ukimgusa ananyanyua kichwa kama anaomba mwongozo wa Spika." Akanipa lenzi. "Huyu akijaliwa atakuwa nondo mkubwa kuliko kiganja chako. Miaka yote niliyokaa katika nyumba hii sijapata kumwona hata mmoja akitoka. Wengine waliliwa na ndege, wengine niliwafagia mwenyewe kwa ujinga. Huyu nataka nimwone."

Nilimpenda palepale. Mnene, mwenye haya, hataki kuguswa! Kila Jumamosi nilikuwa naenda kwake kwanza kabla ya toroli. Mwishoni mwa Septemba akajivingirisha kwenye jani, akalifunga kwa hariri, akatoweka humo ndani. Nikaandika kwenye daftari: "Mheshimiwa amefunga ofisi." Kwa mara ya kwanza hapakuwa na wino mwekundu.

Sasa sikiliza vizuri.

Mwezi wa kumi Bi Zuhura alisafiri siku tisa kwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Mepo ulikuwa umeshamwaga karibu kila kitu, na chini palikuwa na zulia jekundu linalofika vifundoni. Ijumaa akapiga simu nyumbani kwetu. Kelele za mtoto mchanga zilikuwa nyuma yake.

"Moraa, mwanangu, kesho utoe majani kwenye maua yote mpaka chini ya mepo. Nikirudi nikute pasafi."

"Sawa, Bibi."

Hayo tu ndiyo niliyosema. Nikakata simu, nikastaajabu. Wiki zote hizo alikuwa ananihubiria kwamba majani yanayoanguka ni blanketi la bustani, kwamba chini yake wamelala nyuki na vyura. Leo anataka yatolewe? Nilijua kuna kitu hakikai sawa. Ilibaki nimpigie tu na kuuliza maneno mawili: majani gani? Lakini ningempigia, na labda angepokea mkwewe, na ningelazimika kujieleza kwa mkwe wa mtu. Nikaona heri nifanye kazi siku nzima kuliko kuongea nusu dakika.

Na nilifanya! Kibogoyo mkononi, nilikusanya kila jani jekundu lililokuwa katika ile bustani. Mifuko ya karatasi kumi na minne niliipanga ukingoni mwa barabara, kwa ajili ya lori la Jumatatu linalobeba taka za bustani. Niliangalia lile tawi la chini nikaona jani moja lililokunjamana bado limening'inia, nikalipungia mkono. "Usijali, Mheshimiwa. Wewe sikugusi."

Jumapili saa kumi jioni Bi Zuhura alirudi. Nilivuka barabara kumsalimia, shikamoo yangu safi, kifua mbele. Nikamkuta amesimama katikati ya bustani na mkoba bado begani. Udongo ulikuwa mtupu kama meza.

"Majani yako wapi?"

"Nimetoa, Bibi."

Akainama, akashika shungi la nyasi lililokuwa limesimama imara katikati ya asta. Kulikuwa na mashungi mengine kila mahali, mabichi, yana afya njema.

"Na haya ni nini?"

"Hizo ni nyasi."

"Haya," akasema polepole, "ndiyo majani."

Tukatazamana. Kwao majani ni kitu kinachokatwa uwanjani na kung'olewa shambani. Kwetu majani yako juu ya mti, au kwenye pakiti ya chai. Lugha moja, bustani moja, na katikati yetu mifuko kumi na minne.

"Basi Mheshimiwa…" akaanza.

"Yuko mtini, Bibi! Nilimwangalia!"

Akatazama lile jani nililolipungia mkono. Akalivuta. Lilikuwa jani limekauka tu, tupu, likavunjika vidoleni mwake kama keki ya jana.

"Huwa wanashuka, Moraa. Jani likianguka, na wao wanaanguka nalo. Alikuwa chini."

Hakunifokea. Angenifokea ningelia nikamaliza. Alivaa glovu zake, akaenda ukingoni mwa barabara akiwa na nguo za safari, akamwaga mfuko wa kwanza kwenye shuka kuukuu. "Njoo," akasema. "Yeye ni mzito. Jani tupu halina uzito. Chukua moja moja, upime kiganjani. Ukipata lenye uzito, usibane."

Riziki, wewe umewahi kupima jani uzito? Jani, jani, jani. Yote yamejikunja, yote yanafanana naye. Baada ya mfuko wa pili Mama alitoka akiwa na sare za kazini na chupa ya chai, maana alikuwa na shift jioni ile.

"Moraa, mbona mnamwaga takataka tena? Mnatafuta nini?"

"Nondo."

Mama akasimama. Akamgeukia Bi Zuhura kwa heshima zote. "Ati nondo? Mama, unajenga?"

Kwa sababu kwa Mama nondo ni zile chuma ndefu za kutia kwenye zege. Alikuwa anatazama majani makavu akijaribu kuelewa chuma cha kujengea kimepoteaje humo. Bi Zuhura, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa na uso wa msiba, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya majani. Mimi nikacheka kwa sababu yeye alicheka, halafu Mama akacheka bila kujua anachekea nini, na jirani mmoja akapita na mbwa akatusalimia haraka haraka.

"Ni mdudu," nikamweleza Mama. "Nimemtupa. Ni kosa langu."

Mama akaangalia saa. Akakunja mikono ya sare. "Niko na dakika ishirini. Nionyesheni vile anakaa."

Mpaka Bi Zuhura alipoingia ndani kuswali Magharibi, tulikuwa tumemaliza mifuko tisa, na hatukumpata. Giza likashuka, tochi ikawa inafanya kila jani lionekane kuwa na mtu ndani. "Lori huja saa mbili," akasema. "Kesho saa moja uwe hapa. Saa moja ya kwetu."

Jumatatu ile lori lilikuja mapema.

Nilikuwa nafunga viatu niliposikia mngurumo wake. Nilipotoka, jamaa wa lori, mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ya sufu, alikuwa ameshashuka na kukumbatia mfuko wa kumi. Mdomo wa lori ulikuwa wazi, unasaga. Bi Zuhura alikuwa anatoka mlangoni na ndala moja.

Hapo ndipo jambo la ajabu likanitokea. Nilikimbia katikati ya barabara, nikasimama mbele ya lori, nikatandaza mikono, na mimi, Moraa, nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga wala kabla wala baada. Kwa haraka nilitafsiri kichwani neno Mheshimiwa nikalitoa kwa Kiingereza kama lilivyokuja:

"Simama! Kuna mbunge ndani ya mfuko!"

Yule mzee akauweka mfuko chini taratibu, kama bomu. Akazima mashine.

"Kuna nani?"

"Mbunge," nikasema. Sasa nilikuwa nimeshaanza, nifanyeje? "Lakini amelala. Ni mdogo. Amejifunika jani."

Nyuma yangu nilimsikia Bi Zuhura akishika mlango asianguke kwa kicheko.

Nilimweleza yote. Niliongea na mtu nisiyemjua dakika nzima, Riziki, na sauti yangu ilikuwepo muda wote! Akanisikiliza hadi mwisho, akakuna ndevu, akasema, "Mimi nimebeba taka miaka mingi. Hakuna mtu amewahi kuniomba nimtafutie mwanasiasa." Kisha akavuta mifuko mitano yote akaiweka kwenye nyasi za Bi Zuhura, akasema ataacha mtaa wetu mpaka mwisho wa mzunguko. "Mkimpata, mwambieni barabara ya kule juu ina mashimo."

Tulimpata kwenye mfuko wa kumi na tatu. Nilichukua jani kama nilivyochukua elfu nyingine, na mkono wangu ukashuka. Alikuwa mzito kama kito! Nikamweka sikioni bila kubana, na humo ndani, kutoka gizani, akagonga. Mara moja. Tk.

Basi la shule lilikuwa limeshaondoka. Bi Zuhura alinipeleka kwa gari, na njia nzima hatukuongea ila jambo moja.

"Kwenu haya ya chini mnayaitaje?"

"Nyasi."

"Na kwetu yale ya juu ni majani pia. Kosa ni letu sote wawili. Mimi nilisema neno bovu." Akakata kona. "Lakini wewe ulijua halikai sawa. Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi siku nyingine uliza. Hata nikiwa nimepanda ndege, uliza."

Tangu siku ile bustani ile ina majani ya juu na majani ya chini, na hakuna kazi inayoanza kabla mtu hajaonyesha kwa kidole. Ndiyo maana ukutani karibu na toroli kuna kile kipande cha ubao chenye mishale miwili. Si pambo.

Mheshimiwa alikaa chini ya mepo majira yote ya theluji, ndani ya kikapu cha waya ili panya wasimfikie. Mwezi wa sita akatoka, wa rangi ya udongo, mbawa pana kuliko kiganja changu, na kwenye kila bawa la nyuma jicho la bluu la kutisha watu. Bi Zuhura aliniita kwa simu akiwa anakosa pumzi. Tulikaa kitako kumtazama asubuhi nzima. Alikuwa mama! Tukabaki kumwita Mheshimiwa hivyo hivyo, cheo ni cheo. Tukatazama kwa lenzi tukaona hana mdomo. Nondo hawa hawali kabisa; wanaishi siku chache tu, wakimalizia walichokula utotoni. Hana mdomo, nikawaza, na bado usiku ataita madume kutoka vitongoji vitatu kwa harufu yake tu. Nilijisikia vizuri sana, na siwezi kueleza kwa nini.

Aliacha mayai kwenye mepo. Ndiyo ukoo wote unaouona.

Msimu wa pili tulikuwa na viwavi sita, Bunge dogo. Mwaka huo ndio nilijifunza baridi ya kwanza. Bi Zuhura anaijua kwa magoti. Magoti yakisema leo, tunafunika asta kwa khanga kuukuu, ambazo Mama anaziita leso, na hapo pia tulipoteza nusu saa tukitafuta vitu viwili ambavyo ni kimoja. Asubuhi maua yalisimama yamevaa, kila moja na rangi zake, kama wamama wanaongoja harusi ianze. Mama mmoja alisimamisha gari akauliza zinauzwa wapi.

Msimu wa tatu ulikuwa wa bata mzinga. Tisa, wa porini, walitembea barabarani kwa miguu kama wenye mtaa, wakaingia bustanini kula mbegu. Mpeleka barua alikimbilia garini mwake. Mimi nilikuwa peke yangu, Bi Zuhura anaswali Adhuhuri, na wakubwa wao wakawa wanafukua chini ya mepo, pale pale walipolala waheshimiwa. Nikachukua Kibogoyo nikaipeperusha juu ya kichwa, nikaimba wimbo wa kwaya yetu kwa sauti ya pili, maana ndiyo pekee ninayoijua. Wakasikiliza ubeti mzima, wakaondoka kwa mstari. Bi Zuhura alisema hakuwa amewahi kusikia sauti yangu ikifika chumbani kwake, na kwamba bata wana masikio ya kuchagua. Kuhusu yule kindi anayezika mbegu za mwaloni kwenye vyungu vyote, anaitwa Karani, anasahau kila alichoandika, na usishindane naye. Mimi nilishindana misimu minne. Anaongoza.

Jana ilikuwa siku yangu ya mwisho. Ulikuwepo, Riziki, lakini labda hukuona nilichokiona. Ulisimama na viatu vya mvua vya kaka yako, umejificha nusu nyuma ya toroli, na nilijua huko nyuma ya toroli kukoje. Ulishika jani moja zito, ukaninong'oneza kwa Kiswahili cha kwenu chenye Kifaransa ndani, "Mais, Moraa, hii mududu iko inalala ao imekufa?" Na kabla sijajibu, Bi Zuhura akaja na glovu zake, akasema kama alivyonipigia simu mwaka ule, neno kwa neno, yule mama mjanja:

"Riziki, mwanangu, utoe majani kwenye maua yote mpaka chini ya mepo."

Ulitazama chini. Ukatazama juu. Ulisubiri mpaka nikadhani basi, halafu ukasema, kwa sauti ndogo kuliko ya panya:

"Majani gani?"

Bi Zuhura akanigeukia. "Huyu ameajiriwa," akasema. "Kwako wewe ilinichukua mifuko kumi na minne."

Sikupewa keki wala hotuba. Nilipoandika mistari yangu mitatu ya mwisho, akaipitia na kalamu nyekundu mkononi, akaifunika kalamu. Halafu akaniletea mfuko wa karatasi, umejaa majani ya mepo mpaka mdomoni, umefungwa kwa kamba ya khanga.

"Humu wamo wangapi, Bibi?"

"Sijui. Na wewe usitafute."

Mama alipouona kwenye buti la gari, katikati ya masufuria, alishusha pumzi. "Watu huhama na viti, Moraa."

"Haya ni mazito zaidi, Mama."

Akanisogezea nafasi.

Leo asubuhi saa tatu, ile ya asubuhi, nilitoka nyuma ya nyumba yetu mpya. Hakuna asta, hakuna alizeti, kuna mti mmoja tu mwembamba wa mepo na nyasi zilizokatwa mpaka zinaona haya. Hakuna hata jani moja chini. Nilifungua kamba, nikamwaga mfuko wote kuzunguka shina, nikayapapasa yakae kama blanketi. Nilikuwa nimepiga magoti pale niliposikia mashine. Jirani, mwanaume mrefu mwenye kizibo cha masikio, alikuwa anakuja kwenye mpaka wetu na ile mashine ya kupuliza majani. Alikuwa anatabasamu. Alinyoosha kidole kwenye majani yangu, kisha kwenye mashine yake, kuonyesha kwamba yuko tayari kunisaidia, bila taabu yoyote.

Nikasimama. Nikavuka nyasi zote mpaka kwake, nikasema mimi kwanza, "Habari za asubuhi. Naitwa Moraa. Tafadhali usiyapulize yale, kuna wabunge wamelala."

Akavua kizibo cha masikio. "Samahani, wamelala nani?"

Nikamsimulia yote tangu mwanzo.